Tani Arobaini za Vitunguu Saumu

Februari 21

Shule imefunguliwa. Wanafunzi wamerudi wamenona kwa vyakula vya Mwaka Mpya wa Kichina, na nusu ya darasa hawakugusa kazi ya likizo. Nimelitoa daftari hili kwa sababu ya mume wangu, Baba Wenjing. Asubuhi aliniambia, huku akimenya yai, kwamba kila nikiangalia bei kwenye simu uso wangu hubadilika, na ni afadhali niandike kuliko kumsomea yeye mezani. Basi naandika.

Bei ya vitunguu saumu leo ni yuan 3.4 kwa kilo. Sisi tulinunua Julai kwa 6.2.

Nieleze ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Wazo lilikuwa langu. Hapa Jinxiang watu huweka vitunguu saumu ghalani kama watu wa miji mingine wanavyonunua hisa. Dereva wa teksi anavyo, muuguzi anavyo, muuza nyama anavyo. Unanunua baada ya mavuno, unakodi nafasi kwenye ghala la baridi, unakaa na simu yako unangoja bei ipande. Serikali ilipobomoa nyumba ya mama mkwe ili kupitisha barabara, ilimlipa fidia. Fedha hiyo ilikuwa ya kununua nyumba ya chini, kwa sababu sisi tunakaa ghorofa ya tano, lifti hakuna, na magoti ya Mama yamekwisha. Tangu Septemba hajakanyaga ardhi. Mimi ndiye niliyesema tuiweke fedha kwenye saumu miezi michache, ikizaa tupate nyumba yenye kiwanja cha mbele. Baba Wenjing aliikwepa karatasi siku mbili, kisha akatia sahihi. Tani arobaini.

Mama tumemwambia nyumba bado inajengwa.

Februari 22

Baridi kavu. 3.4.

Februari 26

Baada ya vipindi nilikwenda ghalani kwa Xing Baolin, anayetuhifadhia mzigo. Huyu nilimfundisha jiografia miaka ishirini iliyopita. Sasa ana vyumba sita vya baridi, tumbo, na simu tatu. Alinifungulia chumba chetu. Magunia mekundu ya wavu yamepangwa hadi darini, na harufu ikanishika kooni. Nilijisikia tajiri kwa dakika moja.

"Mwalimu, unakumbuka ulinisimamisha ukutani kipindi kizima kwa sababu ya Indonesia?"

"Uliiweka mahali pa Madagaska."

"Sasa naijua kuliko ninavyomjua mke wangu." Akanionyesha simu moja, yenye ujumbe kutoka Jakarta, Surabaya na Medan. "Hawa ndio wanaokula saumu yetu. Marekani wakipandisha ushuru, tunaumia kidogo. Indonesia wakifunga mlango, tunalala njaa. Kila mwaka serikali yao inatoa vibali kwa wafanyabiashara wanaoagiza kutoka nje. Mwaka huu mpaka leo hawajatoa hata kimoja."

"Kwa nini?"

"Wanasema wakulima wao walime wenyewe. Wakitoa vibali wiki hii, meli zinajaa na bei inaruka. Wasipotoa, tutaila sisi."

"Mzigo wote uliomo Jinxiang?"

"Asubuhi na jioni, Mwalimu, kwa miaka mitatu."

Alinikumbusha pia kwamba kufikia Mei 15 vyumba vyake lazima viwe vitupu, avisafishe kupokea mavuno mapya. Nikamwambia Mei ni mbali. Kijana huyu ana akili kuliko walimu wote wa shule yangu. Ninamwamini.

Machi 1

3.3.

Machi 3

Mama ameuliza kama madirisha ya nyumba mpya yamekwisha kuwekwa. Anashona mapazia kwa mkono, kitambaa cha bluu, na hajui akate urefu gani. Nikamwambia madirisha yanafika kiunoni mwangu. Akaniambia nisimame, akanipima kwa uzi.

Ninachojua ni kwamba nyumba ile ipo kweli. Iko nyuma ya hospitali ya zamani, mlango wa kwanza kushoto, ngazi hata moja haina. Tuliiona pamoja na Baba Wenjing mwaka jana, na tulikuwa na fedha taslimu za kuilipia. Mimi ndiye niliyesema chumba cha kulala ni kidogo.

Machi 9

Leo nimegundua jambo juu yangu na silipendi. Nilikuwa nikiandika ubaoni kuhusu pepo za kaskazini, na moyoni nikawa naomba. Baridi kali ikija Aprili, mimea iliyoko shambani itaungua, mavuno yatakuwa haba, na saumu ya zamani itapanda bei. Kwenye kundi letu la simu, lenye watu mia nne wenye mizigo ghalani, wanaomba hivyo hivyo bila haya. Mmoja ameandika: "Theluji moja tu, nitazichinjia mbingu nguruwe."

Dada yangu Shuqin ana ekari moja na nusu ya saumu, nusu saa kwa basi kutoka hapa. Hana kingine.

Machi 10

3.1. Mvua nyepesi. Wakulima wamefurahi.

Machi 14

2.9. Baba Wenjing amesema tuuze nusu. Yeye ni msoma mita wa idara ya maji, siku nzima anapanda na kushuka ngazi za watu akiandika namba, na namba zake hazirudi nyuma kamwe. Nilimwambia mtu wa namba za kupanda tu hawezi kuelewa soko. Alicheka kidogo, akaenda kuosha vyombo. Yule ni mwoga. Siku zote alikuwa mwoga, tangu tulipooana.

Machi 24

Chumba cha walimu. Mwalimu Ji wa hisabati ametangaza kwamba ameuza tani zake tano kwa hasara, amejitoa.

"Unakimbia vita vikiwa katikati," nikamwambia.

"Mwalimu Kou, mimi vita sikuviona. Niliona vitunguu."

Wenzetu wakacheka. Nikasema Jakarta kuna mkutano wa mawaziri Alhamisi, habari ziko wazi kwa anayejua kusoma.

"Na wewe unajua kusoma Jakarta?"

"Mimi ni mwalimu wa jiografia."

"Basi niambie, huyo waziri ana mama mkwe?"

Anajua habari za Mama kwa sababu mimi mwenyewe nilimsimulia, siku ile bei ilipokuwa nzuri.

Machi 29

Mkutano umeahirishwa. 2.7.

Aprili 1

2.7. Mama amemaliza pazia la kwanza.

Aprili 5

Siku ya kusafisha makaburi. Nilikwenda kijijini, mimi na Dada Shuqin tukang'oa majani kwenye kaburi la baba, kisha tukatembea shambani kwake. Saumu imefika magotini, kijani cha kuumiza macho. Dada aliinama akapapasa shina moja kama mtu anayemshika mtoto shavu.

"Mwaka huu imetulia," akasema. "Na wewe mzigo wako? Bado tu?"

"Nangoja vibali."

"Vibali vya nani?"

"Vya Indonesia."

Akanitazama. "Mimi nangoja mvua, wewe unangoja Indonesia. Afadhali mimi, mvua naiona inapotoka."

Nilikula kwake tambi na mayai. Nilipokuwa nikiondoka, simu ilitikisika mfukoni: tahadhari ya baridi, upepo wa kaskazini, nyuzi mbili chini ya sifuri usiku wa kuamkia kesho kutwa. Damu ilinipanda kwa furaha. Dada alikuwa amesimama mlangoni akinipungia mkono na sikumwambia.

Aprili 7

Naandika mengi leo kwa sababu siku ilikuwa ndefu.

Baridi imekuja. Alfajiri vioo vya mabasi vilikuwa vyeupe. Kufikia saa mbili kundi la simu lilikuwa limechanganyikiwa kabisa. Picha za mashamba yaliyolala chini, video za wanawake wazee wakilia kando ya matuta. Saa nne bei ilikuwa 3.2. Saa sita, 3.8. Wakati wa chakula cha mchana nilishindwa kula. Saa nane ilifika 4.1, na Baolin akanipigia mwenyewe.

"Mwalimu, uza leo."

"Leo? Inapanda."

"Ndiyo maana. Nina mnunuzi wa Xuzhou, yuko hapa mbele yangu na lori lake. Anachukua tani zote arobaini kwa nne kamili. Hutarudisha zote, lakini utarudisha sehemu kubwa. Mimi nimeshamuuzia mzigo wangu."

Nilitoka darasani, nikasimama koridoni. Wanafunzi walinifuata kwa macho.

"Baolin, jana kwenye habari wamesema vibali vinasainiwa kesho kutwa. Wewe unalijua hilo."

"Wamesema hivyo mara nne tangu Januari."

"Safari hii wametaja tarehe. Na shambani kumeungua. Mambo mawili kwa pamoja. Kwa nini mnunuzi wako ana haraka namna hiyo?"

"Mwalimu, unafikiri nakuibia?"

"Nafikiri wewe ni mfanyabiashara."

"Sawa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nitamshikilia mpaka saa kumi. Baada ya hapo siwezi."

Nilimpigia Baba Wenjing kazini. Nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba mahali alipokuwa. Akasema: "Uza." Nikamwambia akifikiria vizuri, kwa siku mbili tu tunaweza kufika sita, tukarudisha fedha yote ya Mama bila yeye kujua kitu. Akasema tena: "Uza, Mama Wenjing. Nakuomba." Katika miaka ishirini na sita hajawahi kutumia neno hilo kwangu. Nikasema sawa, nikakata. Nikarudi darasani, nikafundisha kipindi cha saa tisa, mito ya Asia. Saa kumi ilipita nikiwa na chaki mkononi. Niliiona ikipita kwenye saa ya ukutani.

Nyumbani alinisubiri mlangoni akiwa bado amevaa viatu. "Umeuza?" Nikamwambia mnunuzi aliondoka mapema. Akavua viatu.

Jioni Dada alipiga simu kusema majani ya juu yameungua ncha lakini mizizi ni mizima, nisiwe na wasiwasi. Alidhani nilikuwa na wasiwasi juu yake.

Aprili 8

4.0. Jua kali. Saumu iliyolala shambani imesimama tena. Video za wanawake wakilia zimefutwa kwenye kundi.

Aprili 9

3.5.

Aprili 10

Vibali vimetoka.

Nilisoma habari hiyo mara tatu kwenye choo cha walimu. Vimetolewa kwa nusu ya kiasi cha mwaka jana. Ni halali kwa mizigo itakayopakiwa kuanzia Juni. Juni. Kwa hiyo Waindonesia watanunua saumu mpya, ile iliyosimama tena shambani. Yetu haina mnunuzi.

Kwenye kundi kuna mtu ameandika kwamba habari hiyo ni nzuri, mlango umefunguka. Wakamtukana mpaka akajitoa. 2.6.

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na saba kwamba dunia ni moja na kila kitu kimeunganishwa. Nilikuwa nawaonyesha mishale kwenye ramani.

Aprili 13

2.1. Nimemweleza Baba Wenjing ukweli wa saa kumi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja apige meza au avunje kitu. Akauliza tu kama Mama amekunywa dawa.

Aprili 16

1.9.

Aprili 19

1.7. Mvua nzuri, ya taratibu, ya kutwa nzima. Kila tone ni la Dada.

Aprili 24

1.4. Mama amemaliza mapazia yote manne. Ameyakunja juu ya kitanda chake na ameuliza tunahamia lini.

Mei 2

Leo likizo. Mimi na Baba Wenjing tulikwenda sokoni na magunia mawili ya mfano. Soko letu ni uwanja mkubwa wa saruji, mikokoteni ya injini imejipanga mamia, na wanunuzi wanapita katikati wamefunga mikono nyuma kama wakaguzi wa jeshi. Tulikaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wa kwanza alipita bila kutazama. Wa pili alichukua kichwa kimoja, akakivunja kwa kidole gumba, akapasua punje kwa kucha. Ndani kulikuwa na kiini cha kijani, kirefu.

"Mama, hii inataka kuota."

"Imekaa kwenye baridi muda wote," nikasema. "Ikitolewa tu ndiyo—"

"Ikitolewa tu ndiyo inaota. Mimi nanunua niipeleke Guangzhou siku tatu. Itafika ikiwa shamba."

Wenzake wakacheka. Baba Wenjing akamwambia kwa upole, "Kaka, toa bei yoyote."

"Sitoi bei nikakutukana, mzee. Wiki mbili zijazo nitakuwa nachukua mpya, mbichi, kwa bei ya majani. Hii yako nikipewa bure lazima nilipe wapakiaji."

Kufikia adhuhuri tulikuwa tumeuza gunia moja, kwa mama mmoja anayetengeneza achari. Baba Wenjing alibeba lililobaki begani mpaka kituo cha basi. Nilikuwa nyuma yake. Shati lilimganda mgongoni, na sikio lake moja lilikuwa jekundu kwa jua. Nikafikiri, huyu mtu nilimwita mwoga. Alikuwa akiona tu kile kilichopo.

Mei 6

0.9.

Mei 9

Nimemwambia Mama.

Baba Wenjing alitaka kumwambia yeye, nikakataa. Nilimpelekea uji wa mtama kitandani, nikakaa ukingoni. Mapazia yalikuwa hapo hapo kando yake. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, kama somo: tulinunua lini, kwa nini, nani alitoa wazo. Sikumtaja mwanawe isipokuwa kusema kwamba aliniomba niuze.

Mama ana miaka sabini na tisa. Alilima pamba, kisha ngano, kisha saumu hiyo hiyo, mpaka ardhi ikachukuliwa na barabara. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiko.

"Vitunguu?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Fedha yote?"

"Yote."

"Na bado mnavyo?"

"Tunavyo, lakini havina bei."

Alikula vijiko viwili vya uji. Nikadhani hajaelewa. Kisha akasema, "Mwaka mzima mnanunua saumu dukani kwa kupima, vichwa viwili viwili. Ninaona. Na kumbe mnazo tani arobaini. Hata ya kula hukuniletea."

Nilianza kusema samahani. Akainua kijiko kunizuia.

"Usiniombe msamaha. Ukiniomba itabidi nikujibu."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu leo.

Mei 10

Mama hasemi nami. Akiwa na mwanawe anazungumza, juu ya dawa na hali ya hewa.

Mei 12

0.7. Joto limepanda. Madirishani tunasikia mikokoteni ya wakulima ikienda kung'oa saumu mpya.

Mei 14

Ghalani kwa Baolin. Mlangoni kulikuwa na watu kama thelathini, wote wenye sura yangu. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya dereva wa teksi alikuwa amekaa chini akivuta sigara, anamwambia kila anayepita kwamba yake ni tani mia na kumi, kana kwamba ni sifa.

Baolin aliniingiza ofisini, akanimiminia chai. Amekonda. Nikamuuliza nini kinaweza kufanyika.

"Mwalimu, kodi ya chumba haijalipwa tangu Machi. Wapakiaji, wachambuaji, lori. Ukiuza leo, ukimpata wa kununua, hutarudisha hata hizo. Kuna karatasi." Akaisogeza. "Unaniachia mzigo, mimi nakufutia kodi. Wengine wote wanasaini hiyo hiyo."

"Utaufanyia nini?"

"Kuna kiwanda kinakausha kuwa unga, kinachukua kidogo. Inayobaki natupa kando ya mto. Na kutupa nalipia."

Niliisoma karatasi. Ilikuwa fupi. Nikasema, "Siku ile ya baridi ulinipigia."

"Nilikupigia."

"Sikukuamini."

"Najua." Aligeuza kikombe chake mezani. "Mimi mwenyewe niliuza ule mmoja tu. Wiki hiyo hiyo nilinunua mwingine kwa 3.5, nikasema imefika chini. Usinione mjanja, Mwalimu. Nyumba yangu iko rehani benki."

Nikasaini. Nilipotoka, wapakiaji walikuwa wamekwisha kuanza kutoa magunia yetu. Nilimwomba mmoja anipe vichwa vichache. Akanijazia mfuko bila kuuliza.

Nilimpelekea Mama. Aliuchukua mfuko, akauweka chini ya kitanda.

Mei 18

Mama alimwambia mwanawe asubuhi: "Nataka kuiona hiyo nyumba." Nikajua ni ipi.

Baba Wenjing aliinama, akambeba mgongoni. Ghorofa tano. Mimi nilikuwa mbele nikishuka kinyumenyume, mikono wazi, eti nitawadaka. Chini tulipata pikipiki ya magurudumu matatu. Mama alifumba macho kwa mwanga. Miezi minane.

Nyuma ya hospitali ya zamani, mlango wa kwanza kushoto. Mbele kuna kiwanja cha hatua kumi, na waliohamia wamepanda vitunguu vya majani na maua. Tulimweka Mama kwenye kigoda chetu upande wa pili wa njia. Aliangalia. Madirisha yana mapazia ya manjano, mafupi kidogo.

Mwanamke kijana alitoka na beseni la nguo. Akatuona.

"Mnamtafuta mtu, Bibi?"

"Hapana," Mama akasema. "Tunaangalia tu. Ndani kuna unyevu?"

"Hamna, ni kukavu kabisa. Jua linaingia mpaka saa tisa. Karibuni chai."

"Siku nyingine."

Yule mwanamke alianika nguo zake taratibu, akitutupia jicho. Tulikaa kama nusu saa. Kisha Mama akainua mikono, kama mtoto, ili abebwe.

Kupanda kulikuwa kugumu. Ghorofa ya pili Baba Wenjing alipumzika. Ya tatu alipumzika tena, paji la uso likiwa ukutani, Mama bado mgongoni, na pumzi yake ilikuwa na sauti ya msumeno. Bila kugeuka akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu:

"Nina miaka hamsini na tatu. Hesabu, mwalimu. Nitaweza hivi mpaka lini?"

Hajawahi kuniita mwalimu nyumbani. Mama alikuwa akisikia, shavu lake liko juu ya bega la mwanawe, macho wazi, ananitazama mimi.

Mei 19

Ninaandika kwa sababu sijui kufanya kingine. Jana hakuna aliyekula.

Mei 25

Leo sina vipindi. Nilikwenda kumsaidia Dada kung'oa. Tulianza kukiwa bado na umande, majirani wanne na mimi, tumechuchumaa kwenye matuta. Unachomeka jembe dogo, unanyanyua, unatikisa udongo, unalaza. Vichwa vilikuwa vikubwa kama ngumi ya mwanamume. Kila niking'oa, kingine kikubwa zaidi. Jirani mmoja alisema hajaona mwaka kama huu tangu aolewe, na alisema kama anayetoa taarifa ya msiba.

Wanunuzi walipita barabarani saa tatu. Hawakushuka kwenye gari. Mmoja alitoa kichwa dirishani, akataja bei, akaendelea. Bei ile hailipi mbegu wala nailoni ya kufunikia matuta, acha mbolea.

Dada alikaa juu ya rundo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Siuzi kwa bei ya matusi," akasema. "Nitaikausha, nitaiweka ghalani."

"Dada, uza."

"Kwa bei hii?"

"Kwa bei hii. Uza leo."

"Wewe ulinunua kwa bei kubwa, ndiyo maana ulianguka. Mimi naingia nikiwa chini. Chini ya hapa kuna nini tena?"

Nilijua jibu. Nililisema pia. Nilimsimulia ya sokoni, kiini cha kijani, karatasi, mto. Nilimsimulia hata siku ile ya baridi, kwamba nilisimama mlangoni kwake na tahadhari mfukoni na nilikuwa na furaha. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake ulibadilika mahali hapo, kisha ukarudi.

"Ulitaka shamba langu liungue," akasema.

"Ndiyo."

"Lingeungua ungepona?"

"Siku mbili. Labda."

Akang'oa majani makavu kwenye kichwa kimoja, moja baada ya jingine, mpaka kikawa cheupe. "Sasa na mimi niko upande wako. Juni vibali vyao vinaanza, si ulisema? Indonesia wanafungua Juni. Wakinunua vizuri, Agosti bei itakuwa nyingine. Wewe unasoma habari. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli wanafungua. Lakini wanaweza kufunga tena asubuhi yoyote."

"Lakini wanafungua."

"Wanafungua."

"Basi mpigie yule mwanafunzi wako. Muulize nafasi."

Nilimwambia sitapiga. Akanyoosha mkono, ukiwa na udongo hadi kiwiko, akangoja nimpe simu apige mwenyewe. Yeye hajui kusoma majina vizuri. Angebonyeza moja baada ya jingine mpaka ampate, au angepanda basi kwenda mjini na kumpa mzigo dalali yeyote atakayekutana naye.

Basi nikapiga mwenyewe, na Baolin akapokea kwenye mlio wa kwanza.

"Nafasi ipo, Mwalimu," akasema. "Mwaka huu nafasi ipo tele. Tani ngapi?"

Nikamgeukia Dada, nikamuuliza tani ngapi.